Reizi yangu imekataliwa kasino Arusha, nyumbani tunafanya hivohivo kila wiki. Naomba mnieleweshe sheria na adabu za poka

dereva_wa_Rau (Moshi)

Habari zenu wakuu. Mimi ni dereva wa utalii, nakaa Rau. Sasa hivi mvua zimeshika, magari yamelala, wageni hamna, kwa hiyo sisi madereva kama sita hivi kila Alhamisi tunakutana kwa mwenzetu mmoja tunacheza poka, ile ya Texas, karata mbili mkononi na tano za pamoja mezani. Mimi nilifundishwa na wageni kambini Serengeti tukichezea njiti za kiberiti, nikaja kuwafundisha wenzangu, kwa hiyo kama kuna makosa tunayafanya basi yameanzia kwangu na hilo linaniuma.

Jumamosi nilikuwa Arusha kufata spea, nikalala kwa shemeji yangu, usiku akanipeleka kasino. Meza ya watu saba, blaindi (hela za lazima wawili wanaweka kabla ya karata) 1,000 na 2,000, nikakaa na laki na nusu. Mkono wa kwanza wa maana napewa K mbili, ya kopa na ya pau. Jamaa wa kulia kwangu akareizi, yaani akapandisha dau, mpaka 6,000. Mimi nikahesabu chipu sita za elfu moja nikazisukuma mbele, alafu nikarudi kwenye rundo langu nikachukua kumi na nne zingine, nikasema na hizi, jumla ishirini. Mgawa karata akaweka kiganja mbele ya zile kumi na nne akanirudishia, akasema "ni koli kaka", yaani nimelipa sawa na jamaa tu, sijapandisha. Nikabisha, akamuita msimamizi, na yeye akasema vilevile. Zikafunguliwa tatu za kwanza za pamoja, A, 9, 4. Jamaa alikuwa na A na 7, yaani kwa 20,000 angetupa karata zake na mzigo, hela zote za katikati, ungekuwa wangu. Mkono ule ulinila elfu arobaini na kitu.

Baadae nikatupa chipu moja ya 10,000 juu ya beti ya 2,000 nikimaanisha nimereizi, nikarudishiwa chenji 8,000. Na mwisho kabisa nina 30,000 mezani, mtu kaweka 80,000, nina karata nzuri, natoa pochi niongeze hela naambiwa hairuhusiwi. Shemeji alikuwa kakaa nyuma yangu, nikamuonyesha karata anishauri, mgawaji akatuambia kwa sauti "mkono mmoja mchezaji mmoja" na meza nzima ikanigeukia.

Nimerudi Moshi na donge. Naomba kujua, hizi ni sheria kweli au ni mimi kuonekana mgeni? Na kama ni sheria, zipi niwapelekee wenzangu? Alafu kuna ubishi hatujawahi kuumaliza, flashi (karata tano za kopa tupu, au uru tupu) na streti (tano zinazofuatana) ipi inamla mwenzake?

chalii_wa_Sakina (Arusha)

Pole mwana. Ila hapo hamna mtu kakuonea, hizo sheria zote nilizikuta hapa mjini na mimi zimenikata siku ya kwanza. Hiyo ya chipu moja ndo inaumiza wengi. Kuhusu flashi na streti, streti ndo kubwa, nimeona kwa macho yangu kasino hapa Chuga bango limeandikwa kabisa pale mezani streti iko juu ya flashi.

niligawa_miaka_sita (Arusha, Kijenge)

Mdogo wangu dereva, pole na safari. Mimi nimegawa karata kasino miaka sita kabla sijafungua duka, kwa hiyo nimeshasukuma chipu nyuma kama alivyofanya huyo dada au kaka mara nyingi sana, na kila mara mchezaji anafikiri nimemchukia. Sikumchukia. Ngoja nikueleze kila moja kwa nini ipo maana ukijua sababu huwezi kusahau.

Hiyo ya kusukuma chipu mara mbili imekatazwa kila mahali wanapocheza poka kwa utaratibu. Sababu ni uso wa mpinzani. Ukisukuma sita kwanza, yule jamaa anajua umekoli, anashusha pumzi, mabega yanalegea, au anakunja sura. Wewe ulishamuona ndo unarudi kuongeza. Hata kama hukuwa na nia hiyo, mwingine anayo, na mgawaji hawezi kuingia moyoni mwa mtu, anahukumu mkono unachofanya. Dawa yake ni mdomo. Kabla hujagusa chipu sema "reizi", au sema "ishirini elfu". Ukishasema, neno limekufunga, na ukitaja kiasi unaweza hata kupeleka chipu kwa awamu tatu hakuna atakayekuuliza. Usiposema, basi zote zivuke kwa mkupuo mmoja.

Na neno linafunga pande zote mbili. Nimeona mtu kwa mzaha anasema "olini", yaani naweka zote, zamu yake ikiwa imefika, anacheka, tukamhesabia. Aliondoka mezani usiku ule bila hata ya soda.

Chipu moja kubwa bila kusema ni koli, haijalishi ukubwa wake. Mgawaji hajui kama unareizi au huna chenji. Sema "reizi" ndo utupe.

Na kiasi cha reizi nacho kina mpaka wa chini. Blaindi kubwa ilikuwa 2,000, jamaa akapandisha mpaka 6,000, maana yake kaongeza 4,000. Wewe ukitaka kupandisha lazima uongeze si chini ya hiyo 4,000, yaani kuanzia 10,000. Hiyo 20,000 yako ilikuwa halali kabisa, ilikosa neno tu.

Hela ya mfukoni: kinachocheza ni kilichokuwa mezani karata zinapogawiwa. Ingekuwa inaruhusiwa, mwenye pochi nene angemfukuza kila mtu kwa kuongeza tu. Ila sheria hiyohiyo ilikuwa inakulinda na wewe hukuambiwa, nadhani ndo maana umeumia. Ulikuwa na 30,000, mwenzako kaweka 80,000, hukuwa na haja ya kutoa pochi. Unasema "koli", unaweka 30,000 zako zote, na yake inahesabika 30,000 tu kwako, nyingine anarudishiwa kama mko wawili. Mkiwa watatu ndo unatengwa mzigo wa pembeni. Chukulia wewe una 20,000, wengine wawili wana 50,000 kila mmoja, wote mmeingia mzima. Mzigo mkuu ni ishirini mara tatu, 60,000, huo mnaugombea wote watatu. Zilizobaki thelathini thelathini, 60,000 nyingine, wanagombea wao wawili, wewe haikuhusu hata ukiwa na karata kubwa kuliko wote. Kuongeza hela unaruhusiwa, ila kati ya mkono na mkono, karata zikiwa zimerudi kwa mgawaji.

Shemeji na karata zako: hapo mgawaji alikuwa sahihi ingawa angeweza kusema taratibu. Mkono ni wa mtu mmoja. Hata lugha inaangaliwa, meza nyingi zenye wageni hawataki watu waongee lugha ambayo mgawaji haielewi mkono ukiwa hai. Nimewahi kuwaambia watu wawili waache Kichaga, walikuwa wanaulizana habari za msiba tu, lakini mzungu wa upande wa pili atajuaje?

Sasa wewe chalii wa Sakina, macho yako hayakukudanganya ila umesoma bango la mchezo mwingine. Ile ni poka ya karata tatu, unacheza na nyumba, yaani kasino yenyewe, hushindani na watu. Kwenye karata tatu kweli streti inaila flashi. Ukizipanga karata 52 tatu tatu unapata mafungu 22,100, streti humo ni 720 na flashi 1,096, kwa hiyo streti ni adimu zaidi. Ukija kwenye karata tano mambo yanageuka, mafungu ni 2,598,960, streti 10,200 na flashi 5,108 tu. Kinachopatikana kwa shida ndo kinakaa juu. Kwa hiyo kwenye Texas yenu flashi inaila streti, na fulu hausi (tatu za namba moja na pea) inazila zote mbili maana ziko 3,744. Dereva, muulize na mtu yeyote anayekukaribisha kasino, meza ni ya kucheza na watu au na nyumba, maana vyote vinaitwa poka na adabu zake hazifanani.

Mambo madogo ambayo mgawaji anayathamini. Usitupe chipu zikatawanyika katikati, ziweke mbele yako zihesabike. Karata zako zisitoke mezani, usizivutie kifuani wala mapajani, inua pembe tu uchungulie alafu weka chipu moja juu yake, vinginevyo zinaweza kuokotwa na zilizotupwa na huna pa kulalamikia. Subiri zamu, hata kama unajua utatupa. Ukitupa kabla ya zamu yako unampa mtu wa mbele habari ambayo hakuilipia. Na ukishinda usiachie karata zako mpaka mzigo umesukumwa mbele yako. Mtu anasikia mwenzake anasema "nina flashi", anatupa zake kwa hasira, kumbe yule kaona vibaya, ni kopa nne na uru moja. Karata zikilala wazi mezani ndo zinaongea zenyewe, mdomo haushindi mzigo.

dereva_wa_Rau (Moshi)

Dada yangu asante sana, sijui nisemeje. Hapo kwenye 30,000 nimesoma mara mbili nimekaa kimya. Nilitupa karata nikidhani sina uwezo wa kumfikia. Nilikuwa na tatu za aina moja, yaani karata tatu za namba moja.

niligawa_miaka_sita (Arusha, Kijenge)

Pole jamani. Ungeuliza tu mgawaji "nikikoli inakuwaje" angekueleza, kazi yake hiyo. Kuuliza utaratibu siyo aibu na haivunji sheria yoyote, tena waambie toka unakaa kwamba ni mara yako ya kwanza. Unachokatazwa kuuliza ni ushauri wa kucheza.

Mzee_wa_Soweto (Moshi)

Dereva salama? Dada aliyegawa karata nakusalimu, umeeleza vizuri. Mimi nina meza ya poka kibarazani kwangu miaka kumi na moja sasa, wastaafu na vijana wachache wa benki, kwa hiyo nitajibu hapo alipouliza zipi za kupeleka nyumbani.

Kasino ina mgawaji, msimamizi na kamera. Nyumbani mna urafiki wenu tu, ukivunjika hamna wa kumuita. Kwa hiyo mimi upande wa karata nalegeza, upande wa hela nakaza kuliko hata kasino. Mgeni akisukuma chipu mara mbili siku ya kwanza ninamuelekeza na tunaendelea, ya pili tunahesabu koli. Akisahau zamu, vilevile. Karatasi ya mpangilio wa mikono, kuanzia karata moja kubwa, pea, pea mbili, tatu za aina moja, streti, flashi, fulu hausi, nne za aina moja, streti flashi mpaka ile ya kifalme ya kumi mpaka A, ipo imebandikwa ukutani na mtu akiitazama hakuna anayemcheka.

Ila hela. Tulianza kwa maharage, ya njano yanahesabika 500 na mekundu 1,000. Tukacheza hivyo miezi mingi kwa raha kabisa mpaka usiku mmoja tunahesabu mwisho, hela kwenye bakuli ni 120,000 na maharage mezani yanasema 134,000. Kumi na nne elfu hazipo. Sikumuuliza mtu, wala hakuna aliyesema, ila nilimuona mmoja wetu amefuta kiganja kwenye suruali, vumbi la maharage, na tangu siku ile hakurudi. Rafiki yangu wa miaka ishirini. Nilinunua chipu wiki iliyofuata na mpaka leo maharage ya njano nikiyaona sokoni Kiboriloni namkumbuka.

Kwa hiyo sasa hivi hela inaingia kwanza, taslimu au kwa simu, mkononi mwa mmoja ambaye anaandika kwenye daftari, ndo unapewa chipu. Hakuna mali kauli, hakuna "nitakutumia asubuhi", hakuna kukopeshana mezani. Kiwango kinapangwa kabla ya chai na hakipandi hata watu wachangamke vipi saa tano usiku, na anayeishiwa ana nafasi moja tu ya kununua tena. Saa ya kumaliza inatajwa mwanzoni. Mtu mwenye safari aseme anapokaa kwamba saa nne naondoka, hapo hata akiwa ameshinda laki anaaga kwa amani. Kushinda mzigo mkubwa alafu unakumbuka ghafla mtoto anaumwa, hilo watu hawasahau.

Na mwenye nyumba asikate hata shilingi kwenye mzigo. Kasino inakata kwa sababu ina leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, inalipia watu na kodi. Wewe ukianza kukata umefungua biashara ya kamari sebuleni bila leseni, na hilo ni kosa. Nyama na soda tunachanga pembeni kabisa. Vijana chini ya miaka 18 kasino hawaingii na kwangu pia hawakai mezani, hata wajukuu wangu wanaojua mchezo kuliko mimi.

chalii_wa_Sakina (Arusha)

Shikamoo mzee. Nimekubali kuhusu flashi, dada amenifungua macho. Ila mzee hapo kwenye kubembeleza wageni sikubaliani. Mkilegeza nyumbani mtu anakuja huku mjini anaumia kama alivyoumia dereva. Bora afundishwe ukali wa kasino tangu siku ya kwanza, si ndo amepoteza arobaini kwa sababu Alhamisi zote hizo hakuna aliyemrekebisha?

Mzee_wa_Soweto (Moshi)

Marahaba kijana. Una hoja na nimeifikiria. Kumuelekeza siyo kumuachia, mimi ninamwambia palepale kwamba kasino hii ni koli. Kosa la akina dereva ni kwamba hakuna aliyekuwa anajua, siyo kwamba walikuwa wapole.

Nasieku_R (Arusha, Ngaramtoni)

Samahani nachangia na mimi, ni mwanamke na nimeanza mwaka jana. Kuna kitu hamjakigusa na kinanichosha kila nikikaa mezani. Hiyo ya mkono mmoja mchezaji mmoja haihusu mashemeji wa nyuma tu. Nikiwa kwenye mkono, yule wa pembeni ambaye ameshatupa karata zake anaanza "dada tupa hizo, huyo anazo" au "dada usiogope, anapiga mkwara". Sijamuomba. Nikishinda ni yeye kanifundisha, nikishindwa ni mimi sikusikia. Na yule mpinzani wangu naye anaonewa, maana sasa anacheza na watu wawili. Jumamosi moja nilikuwa na pea ya 10, za pamoja zikatoka 10, 6, 2, nimetulia kabisa nasubiri jamaa abeti, wa pembeni yangu akaniangalia akasema "eh dada katulia, leo mtu analiwa". Jamaa akacheki, yaani akapita bila kuweka hela, akaja kutupa karata. Nilipata elfu nne kwenye mkono ambao pengine nisingeupata tena mwezi mzima.

Ukishatupa karata zako nyamaza. Usiseme ulikuwa na nini, usipige paja 10 zikitoka, usitoe "aaah". Kila sauti inaondoa karata fulani kwenye mahesabu ya watu ambao bado wana hela ndani.

Na kitu kingine, ukijua umeshinda fungua haraka. Kuna wanaopenda kushika karata, anapumua, anauliza "una nini wewe?", anamuacha mwenzake aanze kufikiri mzigo ni wake, ndo anafungua fulu hausi polepole. Hakuna sheria inayomzuia lakini mimi mtu wa hivo sikai naye tena.

niligawa_miaka_sita (Arusha, Kijenge)

Nasieku umesema kweli tupu, na wewe usione haya kumwambia mgawaji, mwite tu "naomba nicheze mkono wangu mwenyewe". Ni kazi yake kumnyamazisha yule, na siyo wewe kuvumilia. Nilipokuwa nagawa nilikuwa nasubiri mchezaji aniambie, wengi hawasemi wanainuka tu wanaondoka.

dereva_wa_Rau (Moshi)

Wakuu nimerudi. Jana Alhamisi tumecheza, niliprinti maelezo ya dada na ya mzee nikasoma kwa sauti kabla hatujagawa. Mmoja alinuna kidogo kwenye daftari la hela akasema tunakuwa kama benki, ila mwisho wa usiku tulihesabu 90,000 iliingia na 90,000 ikatoka, dakika tano watu wamevaa makoti wanaondoka. Siku zingine tunabishana mpaka saa saba. Reizi mbili tulizirudisha kuwa koli na hakuna aliyegomba, mojawapo ilikuwa yangu mwenyewe, mkono umezoea.

Limebaki moja. Mezani 7, 8, 9 na J na 2. Mmoja ana 10 ya shupaza na mwingine ana 10 ya uru, hao wawili ndo wamebaki, wote wana streti ya 7 mpaka J. Mwenye shupaza anasema shupaza ni kubwa, mwenye uru anataka mgao. Mzigo ulikuwa 17,500 na chipu yetu ndogo ni ya 500. Tumeuacha kwenye bakuli mpaka nipate jibu hapa.

niligawa_miaka_sita (Arusha, Kijenge)

Hapo mmeleta turufu ya arbastini kwenye poka. Kwenye Texas shupaza, kopa, uru na pau zote ni sawa, hakuna mkubwa. Angalia karata tano bora za kila mmoja. Hebu kwanza hakikisha karata zao za pili, kama mmoja ana Q pamoja na hiyo 10 basi ana streti ya 8 mpaka Q na mzigo wote ni wake. Kama hamna, mnagawana nusu kwa nusu. 17,500 kwa chipu za 500 ni chipu thelathini na tano, kila mmoja kumi na saba, yaani 8,500. Ile moja ya 500 inayobaki haikatwi, anapewa aliyekaa wa kwanza kushoto kwa batani ya mgawaji (kile kidude kinachoonyesha zamu ya kugawa ni ya nani) kati ya hao wawili.

dereva_wa_Rau (Moshi)

Hakuna mwenye Q, mmoja alikuwa na 3 na mwingine A. Wa kushoto ni huyo wa uru, aliyekuwa anataka mgao. Nampigia sasa hivi.